Kisigino Kilichozikwa

Werugha,
Juni 1956

Kwa kaka yangu mpendwa Mwandawiro,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Je, hujambo huko Voi? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa vumbi kimetulia, au bado unakohoa mpaka majirani wanaamka? Sisi huku ukungu haujatuachia tangu Jumapili, kabichi zimefunga vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mume wangu Fanuel anakusalimu. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila mguu. Ndio unaoniandikisha.

Wakumbuka lile doa jeusi la kisiginoni, ambalo nililidhani ni mwiba uliooza ndani. Daktari alipolikata ulikuwapo. Doa lilikuwa kama haragwe, naye akaondoa nyama ya kujaa kiganja cha mtoto. Ulikasirika, ukamwambia Danson, yule dresa anayefunga vidonda na kumtafsiria daktari, kwamba mtu ukimtuma akang'oe gugu akakung'olea na mahindi, humpi jembe tena. Wagonjwa walicheka, hata mimi na maumivu yangu.

Danson alikueleza kwa upole kwamba kansa haionekani yote kwa macho, kwa hiyo hukatwa pamoja na nyama nzima inayoizunguka. Kisha nyama hiyo hupelekwa Nairobi ikatazamwe ukingoni. Ukingo ukionekana safi pande zote, kuna tumaini kwamba ugonjwa umetoka wote. Ukionekana umeguswa, mgonjwa hurudi akakatwa tena kidogo, upande huo tu. Ndiyo maana daktari alifunga uzi mweusi kwenye nyama upande wa vidole, ili wa Nairobi wajue upi ni upi. Wewe ulipouona ule uzi ndani ya chupa ukasema hata Wazungu wana hirizi zao.

Kisha ukasimama mlangoni. Ukasema baba yetu hakuzaa watoto ili wapandishwe gari la moshi vipande vipande. Ukauliza parapanda ikilia dada yako atasimama na kisigino gani, au itambidi kwanza aende Nairobi kukidai. Danson akakubembeleza, akakuita mzee, akakuita baba. Ukaichukua chupa, ukaenda kuizika ile nyama karibu na kaburi la baba, ukaiombea. Najua ulifanya kwa kunipenda. Hilo nimeliandika mapema, maana yanayofuata ni machungu.

Kovu limeota weusi tena. Wiki iliyopita nilirudi hospitali, daktari akalitazama, akamwuliza Danson majibu ya Nairobi yako wapi. Danson akaniangalia. Nikasema mwenyewe kwamba kaka yangu ameyazika. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema huenda ukingo uliguswa upande mmoja, na wakati ule kipande kidogo tu kingetosha. Sasa hajui ni upande gani wala ugonjwa umefika wapi, na asiyeujua mpaka hana budi kukata mbali. Mguu utaondolewa chini ya goti. Hata hivyo haahidi kwamba tutakuwa tumewahi.

Mama mmoja Mkamba anayeitwa Ndulu, tuliyekuwa naye kwenye benchi, alisikia yote. Akaniambia bila haya kwamba kaka yangu ameanza na kisigino, sasa basi achimbe shimo refu. Nilicheka naye, kaka. Nilipofika kwenye matuta yangu nilikaa chini katikati ya kabichi nikalia.

Nakwambia jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia. Siku hizi tukisali Baba Yetu kanisani, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nanyamaza. Nawaacha wenzangu wapite, halafu nawadaka mbele. Sikuchukii. Lakini kila ninapokanyaga chini nakuona pale mlangoni na chupa mkononi. Je, Mungu aliyemfanya Adamu kwa mavumbi, kisigino changu kingemshinda? Ulikuwa na maswali mengi siku ile, na hilo hukuuliza.

Tena kuna hili. Mimi nimekwisha kukubali kukatwa. Nimemwambia Danson mguu huu uende Nairobi, wautazame wapendavyo, na usirudi huku. Anayekataa ni Fanuel. Hospitali wanataka mume aweke kidole kwenye karatasi, naye anasema ulimwapia kwamba kipande kingine cha dada yako kikienda kwa Wazungu, utakuja kunichukua na hutarudisha hata mbuzi mmoja wa mahari. Nimemsihi, nimemnunia, nimemnyima uji. Hasogei. Anakuogopa wewe kuliko anavyoiogopa kansa. Kwa hiyo uhai wangu umerudi tena mlangoni pako, kaka, kama mara ile.

Sikuombi uje. Wala usiniombe radhi, maana ukiniomba sijui nitakujibu nini, nami sitaki kusema uongo mbele za Mungu. Andika maneno mawili tu kwa Fanuel, kwamba umekubali nikatwe na mguu upelekwe. Daktari ananingoja. Ugonjwa haumngoji daktari.

Msalimie wifi yangu Priscilla na watoto. Mwambie maharagwe yake nimemwekea.

Tafadhali kaka, nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Tryphena