Ujenge kwa Matofali

Tarehe 3 Machi, mwaka wa sita tangu niwaache hapo kambini

Mke wangu,

Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Mazungumzo kuhusu nchi yetu yamefanyika tena huku, nami nilikuwa mbeba viti ukumbini. Wajumbe wameagana bila kukubaliana hata nani apige kura ya kuamua hatima ya nchi. Msimamizi wetu akacheka: "Viti msivipeleke mbali, jamaa, mwakani watarudi kunywa chai."

Uliniuliza habari ya nyumba. Najua baba yangu atafoka kwamba anayejenga kwa matofali kambini amekubali kuzikwa ugenini, na hema linatosha mpaka siku ya kurudi kwetu. Mwambie ni mimi niliyesema. Watoto wanalowa. Jenga.

Nitakuja Agosti, tuezeke pamoja.

Mumeo