Julai, Wifi Yangu na Mbuzi wa Naomi

Kasulu, Jumapili ya mwisho ya Julai

Kiangazi kimekolea. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta, mchana vumbi jekundu linaingia hadi kwenye vikombe vilivyofunikwa. Nimerudi kanisani, watoto wamelala, nina chai ya tangawizi mkononi na nina wivu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu nimechoka kuliita uchovu.

Mnaonisoma mnajua utaratibu. Kila mwisho wa mwezi naandika tulivyovipenda nyumbani kwetu: chakula, nguo, neno jipya la mtoto. Mimi nina mgahawa wangu stendi, mume wangu ni fundi pikipiki, watoto wawili. Hatuna makubwa ya kusimulia, lakini huwa nafurahi kuyaweka hapa. Mwezi huu nimeanza nikafuta, nikaanza tena nikafuta, maana kila kilichopendwa ndani ya nyumba yangu kimetoka kwa mtu mwingine.

Anaitwa Restuta. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Kumsenga kule Kibondo, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Likizo ya Juni binti yangu Naomi, aliye darasa la pili, alikwenda kukaa kwake. Begi nilimfungia mwenyewe. Nilisema akapate hewa ya shamba na mimi nipumue kidogo, kwani mdogo wake Yusto anaota meno na mgahawa hauna likizo.

Nilipumua. Kisha mtoto akarudi.

Chakula cha mwezi ni sombe, kisamvu chetu. Mimi napika sombe kila siku ya Mungu, watu wanashuka kwenye basi wakiniulizia kwa jina. Naomi alionja yangu siku aliyofika, akaweka kijiko chini kwa adabu, akasema, "Ya Shangazi ina karanga." Kesho yake nikatia karanga. Akasema za Shangazi zinatwangwa, hazisagwi mashineni. Nikaazima kinu kwa jirani. Mwanamke mzima, wateja wananisubiri, natwanga karanga uani kwa hasira ili nimridhishe mtoto wa darasa la pili. Akala, akafikiri, akasema imekaribia.

Imekaribia!

Nguo ya mwezi ni gauni la kitenge la njano ambalo Shangazi alimshonea kwa mkono, hata cherehani hana. Halivuliwi. Nalifua jioni, asubuhi analivaa na unyevu wake. Gauni nililomnunulia mimi wakati wa Pasaka bado lina mikunjo ya dukani.

Neno la mwezi ni "mwakeye". Wazazi wangu walitoka Burundi, na asubuhi kwetu tunasema "mwaramutse". Ndivyo nilivyomfundisha Naomi tangu anatambaa. Sasa amerudi anapiga goti mbele ya wakubwa, anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye kama Waha wa upande wa baba yake. Baba yake aliyeyuka. Wateja walimpa hela ya pipi. Mimi niliitikia, nikageukia jiko langu.

Wivu wa mke mwenza nimeusikia sana sokoni, wanawake wanausimulia huku wakipepeta maharage. Huu wa kumwonea wifi kwa ajili ya mtoto uliyemzaa mwenyewe sikuwahi kuambiwa kwamba upo.

Halafu kuna mbuzi.

Shangazi alimpa Naomi mbuzi jike mdogo, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mbuzi akabaki Kumsenga. Kila jioni Naomi alimwomba baba yake simu ampigie Shangazi, amuulize mbuzi amekula nini. Simu iliwekwa sauti ya juu, nikawa nasikia wanavyocheka wote watatu, wawili huku na mmoja kule, na mimi namenya vitunguu. Katikati ya mwezi, siku moja namsuka, akaniambia, "Mama, karibu na kwa Shangazi kuna shule. Naweza kusoma kule, niwe namchunga mbuzi wangu."

Baba yake alikuwa mlangoni. Hakusema hapana. Alisema, "Tutaona."

Hiyo tutaona haikunitoka. Kwao mtoto kulelewa na shangazi si jambo la ajabu. Mume wangu mwenyewe alilelewa na huyo huyo Restuta baada ya mama yao kufariki. Nilimwona binti yangu kabisa, amevaa sare ya shule ya kule, anakuja kwangu Krismasi na begi lake dogo, anakaa kwenye kiti cha wageni.

Nikapiga mahesabu yangu. Kinachomvuta ni mbuzi, basi mbuzi akiwa hapa mtoto hana cha kufuata kule. Nilimpigia wifi bila kumwambia mume wangu, na sauti nikaifanya tamu. "Wifi, mtoto anamlilia mbuzi wake. Hebu mtume tu huku, tutamtafutia kibanda."

Nilisikia kuku wake wanalia. Kisha akasema, "Sawa, wifi. Mbuzi ni wa kwenu."

Nilikata simu nikajiona mjanja.

Siku mbili tatu baadaye mbuzi alifika na fuso la maharage, na pamoja naye kiroba. Ndani ya kiroba kulikuwa na kandambili za Naomi alizozisahau, kikombe alichokuwa akinywea uji, na blanketi alilokuwa akijifunika kule. Nilidhani ni ukarimu. Mume wangu alirudi kutoka gereji, akamwona mbuzi amefungwa kwenye mpera, akafungua kiroba, akaketi palepale juu ya ndoo.

"Mama Naomi, nani kamwomba huyu mbuzi?"

"Mimi."

"Mbuzi wa kupewa haombwi. Anakaa kwa aliyekupa. Akizaa unaitwa, unakwenda, mnakula pamoja, ndiyo udugu huo. Ukimwita aje kwako umemwambia mwenzio kwamba kwake hutakanyaga tena. Dada naye kajibu. Kamrudisha mtoto wetu na blanketi lake."

Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi. Tulipanga foleni ya unga na mafuta. Hakuna aliyewahi kunipa mbuzi, wala aliyenifundisha mbuzi wa kupewa anakaa wapi. Nilimwambia hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akajibu, bila ukali wowote, kwamba angenieleza kama ningemuuliza. Kisha akaenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Naomi alifurahi hadi jioni. Alimkatia mbuzi majani ya viazi, akamlalia mgongoni. Halafu akaliona blanketi. "Mbona blanketi langu la kwa Shangazi limekuja?" Akaomba simu ampigie Shangazi. Iliita hadi ikakatika. Siku iliyofuata pia. Kuanzia hapo akaacha kuiomba.

Nitasema ukweli, maana nikidanganya hapa sijui nitausema wapi. Kuna upande wangu uliofurahi. Jioni ya kwanza bila ile simu nilimpata Naomi peke yangu, mapajani, kama nilivyotaka. Alikaa anavuta uzi kwenye gauni lake la njano. Nilimsimulia hadithi, hakucheka. Nilimpa kipande cha samaki wa mgebuka nilichomfichia, akampa Yusto. Nilishinda, na sikujua nifanye nini na nilichokishinda.

Nimejaribu simu ya wifi wiki nzima. Leo baada ya ibada amepokea.

Nilisema, "Wifi, nisamehe, sikujua habari ya mbuzi."

"Nilijua mmeninyang'anya mtoto," akasema.

"Hapana. Nilikuwa na wivu. Mtoto amerudi, kila kitu ni Shangazi, Shangazi. Nikaona nampoteza."

Akatoa kicheko kifupi, kisichokuwa na furaha ndani. "Yewe, wivu wa nini wewe? Jua likishuka tu, huyo mtoto alikuwa analia. Anamtaka mama yake. Nimempikia, nimemshonea, nimemwimbia hadi sauti imekauka, wapi! Ndiyo nikamkabidhi yule mbuzi. Nikamwambia, ona na huyu katenganishwa na mama yake juzi, hebu mbembeleze. Ndipo akanyamaza. Mimi ndiye wa kukuonea wivu, wifi. Hata akiota, jina lilikuwa lako."

Nililia pale uani nikiwa bado na nguo za kanisani. Yeye akasubiri nimalize, kisha akauliza kama mbuzi anakula.

Mume wangu anasema jambo hili linatengenezeka. Aliyemwita mbuzi ndiye anayemrudisha, yeye mwenyewe, kamba mkononi, hafiki mikono mitupu, na anapofika analala. Basi Jumamosi nafunga mgahawa, siku ambayo stendi inajaa kuliko zote, na wateja wangu watakula kwa jirani. Wifi ni mlokole, kwa hiyo nabeba kreti la soda badala ya pombe ya ndizi. Sombe sipeleki, sina ubavu huo. Kuhusu shule ya kule, nimemwambia mume wangu hapana, naye ameapa kwamba hakuwahi kusema ndiyo.

Sijapona. Mume wangu aliponiambia, "Dada atafurahi sana kumwona Naomi," kitu kilinichoma hapa kifuani, kile kile. Ila sasa nakijua jina, na nimeshakitaja mbele ya wifi mwenyewe.

Kabla hajalala nilimwambia Naomi kwamba tunakwenda Kumsenga kumrudisha mbuzi. Aliketi kitandani ghafla.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Utalala?"

"Nitalala."

Akaanza kutupanga. Shangazi ana kitanda kimoja kikubwa, alisema, tutaenea. Yusto atalala miguuni. Shangazi atalala ukingoni, yeye katikati, na mimi ukutani. Nikamuuliza kwa nini mimi ndiye wa ukutani.

"Ili usiamke ukaenda mgahawani kabla sijaamka."

Nitalala ukutani.