Kamba ya Kiunoni

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha chapa.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada yangu mdogo,

U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Huku Mama ni mzima, wanao wawili ni wazima, na mumeo yu hai. Nimeanza na hilo makusudi. Keti kwanza, kisha endelea kusoma.

Alhamisi gazeti letu lilitaka picha ya mawimbi yanavyobomoa ukuta wa pwani, iende na makala yangu ya kuwachoma wakubwa wa manispaa. Mumeo akabeba kamera, nikamsindikiza hadi kwenye miamba. Unaujua utaratibu wake: hujifunga kamba kiunoni, mwenzake huishika ncha ya pili huko nyuma palipo pakavu, naye hutambaa hadi ukingoni. Safari hii mwenzake nilikuwa mimi.

Bahari ilikuwa imechafuka. Mlinzi wa pwani akaja akihema. "Wazee, ondokeni hapo. Leo hakuna mchezo."

Unanijua. Nikamuuliza ni sheria gani, kifungu gani, na nani aliyemkabidhi mawe ya umma.

"Shemeji," mumeo akaita bila kugeuka, "kamba kwanza, kifungu baadaye."

Nilikuwa nimeshapamba moto. Mlinzi akarudi nyuma hatua moja, nami nikajiona nimeshinda. Nilipogeuka, mwamba ulikuwa mtupu. Maji meupe tu, dada.

Ni mlinzi yuleyule aliyejitosa hadi kifuani akamvuta kwa ukosi wa shati. Mumeo amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na ameshonwa nyuzi tisa kichwani. Daktari anasema atapona, ila bega litabaki zito. Kamera imekwenda na picha zote.

Atakuandikia kwamba kamba ilikatika. Amemwambia hivyo hata Mama, nami nilisimama kando ya kitanda nikaitikia kwa kichwa. Mimi, ninayewaita wenzangu waongo kila Jumatatu gazetini. Kamba ni nzima, iko hapa mezani. Niliiachia ili nimnyooshee mlinzi kidole.

Nijibu vyovyote, hata kwa matusi. Usininyamazie tu.

Mama na shangazi wanakusalimu. Wanao wanauliza utarudi lini. Mungu akulinde kuliko nilivyomlinda mumeo.

Akupendaye, asiye na la kujitetea,
Kaka yako