Uzi Mwekundu wa Bani

Jumatatu, 10 Machi 1975
Nachochea tanuri la bani, banda la kukaushia tumbaku, tangu alfajiri. Majani ya tumbaku yananing'inia ndani, mlango umefungwa, joto lapanda taratibu. Naogopa. Tumbaku ya kwanza iliniharibikia. Bwana shamba kasema na hii ikiharibika, bani atapewa mwingine.
Mamamkwe amefika kutoka Munanila na kapu la mihogo. Nimefurahi kweli.

Jumanne, 11 Machi
Nimerudi kutoka mtoni, kipimajoto kimepanda vibaya. Tanurini magogo ambayo sikuyaweka. Kumbe ni mamamkwe! Kwao mgeni hapiti penye moto hafifu bila kuusogezea kuni, ndio ustaarabu. Hapa ni msiba. Joto likiwahi, jani hukauka lingali kijani, na la kijani halinunuliwi.
Nimeyachomoa kwa hasira. Joto likazidi kupanda hata hivyo, kumbe lilikuwa bado njiani, ndani ya mabomba yanayopitisha joto bani. Nikafungua matundu ya juu. Safu ya chini ya majani imeungua.
Sikumsema. Mkwe hakaripiwi.

Jumatano, 12 Machi
Nimewaza. Mama anatazama moto, mimi natazama joto la ndani. Ni vitu viwili. Kuni za sasa ni joto la baadaye.
Hasomi namba. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kipimajoto, nikamwonyesha kupitia kidirisha. Zebaki ikiwa chini ya uzi, gogo moja, kisha asubiri. Ikiufikia, asiguse. Kila asubuhi nitausogeza juu kidogo.
"Kumbe anayelishwa ni jani, si tanuri," kasema. Kavuta kigoda, kakaa. Nimepalilia maharage kwa amani.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua, baridi. Mume wangu Yohana karudi kutoka Kibondo mjini, chapachapa, akasukuma gogo tanurini kabla hata ya kusalimu. Mama kalichomoa likifuka moshi.
"Mwana wanje, mwanangu, umeuliza uzi?"
Nimecheka hadi nikakaa chini. Yohana kaenda kuota moto jikoni, kanuna.

Jumatatu, 17 Machi
Tumefungua. Manjano tupu, isipokuwa ile safu ya chini. Bwana shamba kayapapasa majani, kasema bani litabaki kwangu. Machozi yalinitoka mbele za watu, na sijali.
Jioni nimeinjika maharage. Moto mdogo. Mama kapita, kautazama. Kafunua chungu, kachungulia ndani. Kisha kafunika, kakaa. Kuni hakugusa.