Mlio wa Mzee Cheche

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umetulia, maana wifi aliniambia ile mashine ya kuchimbia visima imekutesa tena. Mimi sijambo. Mama naye hajambo. Anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri, ingawa sote tunajua utamjibu kwamba unakula hata siku ambayo hujala. Kwa kuwa huko uliko mtandao ni wa kubahatisha, nimeona nikae chini nikuandikie kwa mkono. Uniwie radhi kwa mwandiko, vidole vyangu vimezoea vitufe.

Uliuliza kama ni kweli uliyoyasikia, kwamba nimetengeneza albamu na Cheche. Ni kweli, kaka. Ni Cheche yuleyule wa roki, ambaye kaseti zake ulizipiga mpaka majirani wakagonga ukuta, na ambaye ulimwigiza mbele ya kioo ukiwa umekumbatia fagio. Siku hizi ni mzee wa mvi, anavaa sweta hata jua likiwaka, na gitaa lake analibeba kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Najua unajiuliza tulikutana wapi. Muziki wangu unaujua: sauti ndefu za kinanda na kompyuta zinazotandazwa taratibu, bila ngoma wala maneno. Wewe mwenyewe uliuita muziki wa kungojea maji yachemke. Basi hukukosea sana, maana daktari wa meno wa mtaa wa nyuma aliununua aupige katika chumba cha kungojea, wagonjwa wasisikie ile mashine yake. Cheche alikwenda pale kung'olewa jino. Akaitwa, hakunyanyuka. Akaitwa tena, kimya. Muuguzi alidhani mzee anaogopa sindano, akaja kumshika mkono na kumbembeleza, kumbe mwenzake anataka tu kujua ni nani aliyetengeneza sauti zile. Jino lenyewe aling'olewa siku nyingine.

Alipanda ngazi zangu, hapa juu ya duka la fundi cherehani, akaomba tupige pamoja. Nilimwambia kwa adabu kwamba huku kwangu hakuna kelele. Akasema ndiyo maana amekuja.

Sasa unanijua nilivyo. Kitu nisichokielewa huniwasha kama upupu, na mzee huyu alikuja na mengi. Kwanza, amplifaya yake aliishusha mpaka gitaa likawa linanong'ona. Alipiga noti moja, kisha akaegemeza kidevu juu ya mbao ya gitaa na kungoja, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Hedifoni hakutaka kuziona. Na kila niliposimamisha kazi ili nihifadhi tulichorekodi, hakuweza kuvumilia. Aligongagonga meza, au aliniomba niwashe feni, na siku yenyewe ni ya baridi. Nilimuuliza mara kadhaa, naye akanijibu kwa mizaha: mara ni uzee, mara ni mazoea ya ujana. Mara moja aliniambia kwamba mimi nina maswali kuliko askari wa uhamiaji.

Hata hivyo kazi ilikwenda vizuri. Nilimtandazia sauti, naye akaziweka humo noti zake moja moja, kama mtu anayepanga vyombo kabatini usingizi wa mtoto usikatike. Sikuwahi kufanya kazi na mtu anayechagua kiasi kile. Msambazaji wetu, aliyetegemea gitaa la kuvunja madirisha, alisikiliza vipande vya mwanzo akaniuliza kwa upole kama mzee anaumwa. Nilikasirika, lakini nami moyoni nilikuwa na swali lilelile.

Jibu lilikuja siku umeme ulipokatika. Ilikuwa mchana, tukiwa katikati ya kazi. Feni ikasimama, kompyuta ikazimika, na huko chini vyerehani vyote vikanyamaza kwa pamoja. Mimi niliona raha ya utulivu ule. Kumgeukia mzee, nikamkuta amesimama ameshika fremu ya mlango, jasho linamtoka. Nilidhani ni moyo. Nikamkalisha, nikampa maji, nikasema naita mtu.

"Usiite mtu," akaniambia. "Zungumza tu. Zungumza chochote."

Nikazungumza, kaka. Nilimsimulia habari zako na fagio lako. Alipopata pumzi, alinieleza kitu ambacho hata wenzake wa bendi hawakijui. Kuna onyesho moja alisimama mbele ya spika usiku kucha, na alipofika nyumbani akasikia mlio masikioni. Alidhani utaisha asubuhi. Haukuisha hadi leo. Madaktari wamemwambia hauna dawa. Sisi tunapopata kimya, yeye anabaki peke yake na mlio wake, na ndio maana hawezi kukaa mahali pasipo na sauti yoyote. Pale kwa daktari wa meno, chini ya muziki wangu, alijikuta kwa dakika chache hausikii mlio ule. Kukaa kwake kitini kulikuwa kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo penye jambo nililokuwa nikilizungukia tangu mwanzo wa barua. Lile onyesho la bendi yake kurudi jukwaani, ambalo najua umeshanunua tiketi, yeye hatapanda. Watu wanasema ana maringo. Hana. Anaogopa kuuzidisha mlio alionao, na ndiyo maana hata kwangu alishusha amplifaya, akakataa hedifoni, akaegemeza kidevu ili noti aisikie kwa mtetemo wa mbao. Ameniruhusu nikuambie wewe kabla hajatangaza, kwa sababu ya lile fagio.

Umeme uliporudi, badala ya kumwacha apumzike, nikamuuliza mlio wenyewe ukoje. Udadisi wangu hauna haya. Alijaribu kueleza: si birika, si mbu, ni kitu katikati. Nikakaa kwenye kinanda nikaanza kuutafuta. Nikapandisha sauti, akasema juu zaidi. Nikaifanya nyembamba, nikaichanganyia mvumo kidogo, akasema shusha, rudisha, umepita. Tulihangaika hivyo mpaka ghafla akainua mkono.

"Ndio huo," akasema. Baadaye akaongeza kwamba hajui tena upi ni wangu na upi ni wake.

Hakutaka turekodi chochote. Alinituma nimpigie simu mkewe aje. Mkewe ni mkunga aliyestaafu, mama wa maneno machache, na alipanda ngazi akihema akidhani ameitiwa mgonjwa. Mzee akamvisha hedifoni kwa mikono yake. Mama akasikiliza, akakunja uso.

"Hii ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Hata nikiwa naongea nawe mezani?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mama hakuzivua zile hedifoni. Mzee alinyoosha mkono amsaidie kuzitoa, mama akauzuia, akabaki nazo, machozi yakimteremka bila sauti. Miaka yote alijua mumewe ana tatizo la masikio. Nyumbani wamekuwa wakigombana kwamba hamsikilizi, kwamba redio anaipenda kuliko yeye. Lakini hakuwahi kuusikia.

Mlio ule tumeuweka katika kipande cha mwisho cha albamu. Msambazaji alikataa, akasema wanunuzi watadhani santuri ni mbovu. Mzee akashikilia ubaki. Mimi nilikuwa katikati, sijui niegemee wapi, na aliyeamua ni mama mkunga. Alisema ubaki, lakini uishe. Kwa mumewe hauishi, basi kwenye santuri na uishe. Nikafanya hivyo: kinanda kinafifia, gitaa linafifia, unabaki mlio peke yake, mwembamba, kisha nao unakoma.

Wiki iliyopita tulikaa watatu kuisikiliza albamu nzima kwa mara ya kwanza. Mzee alifumba macho. Tulipofika mwisho, mlio ukakoma, mimi na mama tukatazamana. Mzee hakutikisika. Bado alikuwa anasikiliza. Nilitambua kwamba hawezi kujua umekoma saa ngapi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia, nikajifanya nafunga nyaya. Mama akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe, akaupigapiga taratibu.

"Imeisha?" mzee akauliza.

"Imeisha, baba watoto."

Kisha akamwomba mkewe amsimulie baada ya hapo kunasikikaje. Mama akatega sikio, akamwambia kwamba chini kuna mtu anakata kitambaa. Kuna mlango umefungwa. Kuna ndege anatembea juu ya bati.

"Halafu?"

"Halafu hakuna kitu," mama akasema, na mzee akaitikia kwa kichwa, akamwomba aseme tena.

Nakutumia nakala ya santuri pamoja na barua hii. Isikilize sauti ikiwa ya chini, tafadhali, na masikio yako uyatunze huko kwenye mashine. Msalimie sana wifi na watoto, na mwambie mkubwa kwamba shangazi yake hajasahau ahadi ya kumfundisha kinanda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku