Masale ya Bibi

Old Moshi

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Ng'ombe wa mama amezaa dume, na kahawa mwaka huu imekubali. Naanza na hayo kwa sababu yanayofuata ni mazito.

Ile modeli yako ya kompyuta ya kukadiria ujenzi tuliifuata kama ulivyoagiza. Uliiingizia ukubwa wa nyumba yako mpya, mwinuko wa shamba na aina ya udongo, ikakutolea siku za kazi na gharama. Masale ya nyuma ya nyumba uliyaandika "majani ya kusafisha", kazi ya asubuhi moja. Kaka, umekaa Dodoma mpaka umesahau kwamba masale yale ndiyo alama ya kaburi la bibi?

Katapila la kuchimba msingi lilipofukua fuvu la bibi, baba mdogo Eliakim alikuja na panga. Alimkata dereva mkono, mfupa ukaonekana. Vibarua wakamwangusha, wakampiga kwa makoleo mpaka jicho likapasuka. Damu yao wote wawili imo kwenye msingi wa nyumba yako.

Nilipokupigia simu uliniuliza kazi itachelewa siku ngapi, ili urekebishe modeli. Nilikata simu nisije nikakutukana.

Baba mdogo amelazwa hospitali ya Mawenzi. Hataki hela yako wala maelezo yako. Anataka uje umwombe msamaha kimila, na jani la masale mkononi. Litafute huko huko njiani, maana ya hapa nyumbani umeyang'oa yote.

Mdogo wako,
Elisifa