Nguzo ya Julai

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge viwili, uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Upendo, mjukuu wangu wa kidato cha nne, anasomea mezani kwangu kwa sababu sebuleni kuna televisheni. Leo ni grafu. Amenisomea walichofundishwa: anza na mwelekeo wa jumla, taja kilele na pa chini kabisa, weka tarakimu na kipimo chake, usitoe sababu kama hukuulizwa. Vizuri. Nami nilifundisha hivyo Mbeya miaka thelathini.

Kisha mstari wa mwisho. "Andika unachokiona, si unachokijua. Huenda aliyechora ndiye aliyekosea."

Nikauliza nani kasema. Mwalimu wao, Madam Sekela. Kwao Chunya.

Kikombe kimeniponyoka.

Jumanne, 4 Machi
Sijala. Lakini liandikwe.

Uyole, enzi za ualimu wangu Mbeya, mtihani wa majaribio. Nilikata mwenyewe stensili ya kurudufu karatasi, grafu ya mvua ya Chunya. Nikachanganya: nguzo ya Januari nikaiweka Julai, ya Julai nikaiweka Januari. Darasa zima likaandika nilichowakaririsha, kwamba Januari mvua nyingi, Julai kukavu. Hakuna aliyeitazama karatasi. Nikawapa alama zote kumi. Sekela peke yake aliandika kwamba kilele ni Julai. Nikampa sifuri, nikamsimamisha mbele ya darasa. "Wewe mtu wa Chunya, hata mvua ya kwenu huijui?" Wenzake wakacheka. Akajibu taratibu, "Ndivyo ilivyo kwenye karatasi, mwalimu."

Jioni ile ile niliona kosa langu. Hili sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Niliona, nikanyamaza. Nilimwogopa mkuu wa shule. Niliogopa kuchekwa. Karatasi ya Sekela, yenye grafu na jibu lake, nikaificha; ninayo hadi leo. Baba yake aliiona sifuri kwenye ripoti, akasema shule basi, akamrudisha nyumbani kufunga tumbaku.

Nilidhani ameishia huko.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemdodosa Upendo. Madam alikaa nyumbani miaka miwili, kisha akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila mwaka anawasimulia wanafunzi kisa cha sifuri yake. Mwalimu aliyempa hamtaji jina.

Upendo anatumia jina langu la ukoo. Limo kwenye daftari la mahudhurio, Madam analiita kila siku. Anajua. Huu mwaka wa nne anamfundisha mjukuu wangu, na anajua. Nimekaa kitandani kama niliyepigwa.

Nimemtuma Upendo amwambie aje, kama atapenda. Naogopa kufa kabla hajafika. Naogopa zaidi akifika.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja hapa mtaani kwetu Ipogolo kwa miguu. Ana mvi. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikampa karatasi yake, nikasema yote. Hasa la kunyamaza.

Aliisoma muda mrefu. Nilitegemea alie, au aondoke. Akamwomba Upendo kalamu nyekundu.

"Sikuandika milimita," akasema. "Nane."

Akaikata sifuri yangu, akaandika nane pembeni. Kisha akanitazama.

"Hilo la kunyamaza, mwalimu, leo siwezi kulisahihisha."

Nikasema sawa. Akanywa chai yake yote, akaaga.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu asubuhi. Kanisani sikwenda. Karatasi ameniachia, iko hapa juu ya shuka. Nimeitazama, safari hii kweli. Nguzo ya Julai ni ndefu kuliko zote. Mtoto yeyote angeiona.

Upendo anasoma mezani. Uji nimeumaliza.